Kijiko cha Kupimia Ukuta

Januari ufa ulikuwa uzi.
Nilidhani ni utando wa buibui,
nikaupangusa kwa kitambaa. Haukupanguka.
Machi ulimeza ncha ya kalamu ya Asifiwe.
Aprili, na mvua za Aprili unazijua, Baba Balagizi,
ingawa wewe unazisikilizia Muhumba, miguu kwenye vigae,
Aprili nilichukua kijiko cha chai
nikakiingiza hadi nusu ya mpini
na upepo wa nje ukanipuliza vidole.

Nilikuja kwako kwa adabu.
Nilivaa kitenge cha kanisani.
Ulisema, "Nyumba ni kama mtu, inajinyoosha."
Ulisema, "Cimpunda nzima ina nyufa, wewe ni nani?"
Ukaahidi kutuma mtu na chokaa.

Mtu alikuja. Chokaa ilikaa siku tisa.
Tarehe tano akaja mwanao kuchukua dola arobaini.
Alinyanyua noti moja moja kwenye mwanga wa mlango,
akaikataa ile ya kumi, imechanika pembeni,
mchaniko mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
"Hii haipiti, mama. Lete nyingine."

Nikabaki na noti yangu mkononi:
karatasi ikichanika kidogo, pesa si pesa tena,
ukuta ukichanika toka darini hadi sakafuni
nyumba bado ni nyumba, na kodi yake ni ileile.

Ofisi ya kartie waliniuliza, mkataba uko wapi?
Mkataba ulikuwa kiti cha plastiki uani kwako,
Fanta moja ya moto,
na shahidi mmoja, shemeji yako, aliyekuwa anasinzia.
Nilikuwa na resi ya garanti tu:
miezi sita, dola mia mbili arobaini,
sahihi yako kama mjusi aliyekanyagwa.
Karani aliisoma mara mbili.
Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, sheria iko upande wako."
Akatazama dari lake, maji yalikochora mito,
akaongeza, "Ila sheria nayo haijapata chumba huku kwetu."

Kisha usiku ule wa Mei ukuta ukasema.
Haukuwa mshindo.
Ni kama mtu aliyepasua ukuni mmoja mkavu
halafu akatulia, anafikiri.
Nilitoa watoto, nikatoa godoro, nikasahau viatu.
Tulishuka kwenye matope hadi kwa Mama Nsimire,
nyumba ya chini yetu,
akatufungulia bila kuuliza, akatupa sombe ya jana,
na hadi alfajiri sote tulitazama juu,
tukisikiliza nyumba yako ikifikiri.

Nilipokuja kudai garanti yangu ulicheka kidogo.
"Nyumba haijaanguka. Anayeondoka kabla haijaanguka
ndiye aliyevunja mapatano."
Neno hilo nimelilalia wiki tatu Panzi kwa dada yangu,
watu tisa, vyumba viwili.
Kumbe nilipaswa kungoja.
Haki yangu ingeanza kuhesabiwa
tofali la kwanza likishagusa kichwa cha Asifiwe.

Jumamosi nilirudi kuchukua beseni.
Chokaa mpya, nyeupe kama jino.
Ndani amesimama binti, mwalimu, mtoto mgongoni,
anapima kwa macho kitanda kitakaa wapi,
na mwanao anamhesabia miezi sita kwa vidole.
Sikukutukana, Baba Balagizi.
Jina lako sikulitaja.
Nilimuuliza lake, akasema Nankafu.
Nikafungua mkoba, nikampa kijiko.
"Hapo, chini ya msumari wa kalenda.
Sukuma taratibu."

Kiliingia. Mpini nao ukaingia.
Akakiachia kwa mshtuko,
na kabla hajanigeukia tulikisikia upande wa pili,
chini kabisa,
kikigonga bati la Mama Nsimire.

Mwanao alikuwa amefika kidole cha nne.