Ukosi wa Shanga

Mwaka nilipopata kipaimara, Kapisillit,
bibi Bolethe alikataa kunitungia maua.
"Kila binti ana maua kifuani. Yatosha."
Akamwaga shanga mezani juu ya gazeti,
akamgeukia mjomba: "Haya, nipe hesabu yako."

Mjomba Nukannguaq alikuwa mpishi wa kambi kule Isua,
ambako mwamba unachungulia chini ya ukingo wa barafu.
Wanajiolojia walikula samaki wake miezi miwili,
na bahashishi waliyomwachia ilikuwa tarakimu:
miaka milioni elfu nne, mia tano na arobaini.
"Kila milioni ushanga mmoja," bibi akasema. "Tuone."

Shingoni akaanza na nyekundu,
nyekundu tupu, kaa lililopulizwa.
"Hapa dunia ilikuwa uji," mjomba akasema.
"Na kwenye ushanga wa arobaini hivi
ikagongwa na kitu kikubwa; vipande vikapaa,
vikakusanyana, vikawa mwezi."
Bibi hakuinua macho. Akatunga mmoja wa fedha.
"Mawe ya siku hizo yako wapi?"
"Hayapo, mama. Zimebaki punje za zirkoni,
ndogo kama kibanzi cha jichoni, tena ziko Australia."
"Basi nyeusi. Nisichokiona nakitia nyeusi."

Kwenye ushanga wa mia nane na arobaini
mjomba akafungua kitambaa cha jikoni:
jiwe, mistari ya kijivu na ya kutu.
"Hili lilikuwa tope la bahari. Mvua zilikwisha kunyesha."
Bibi akaliramba.
"Mbona halina chumvi?"

Kisha kijivu.
Kijivu, kijivu, majira ya baridi yote.
"Nani anaishi hapa?"
"Vijidudu."
Akapika supu ya sili, akalala, akaamka.
"Na hapa?"
"Bado vijidudu, mama. Ila wanapumua.
Pumzi yao imekwisha kuitia kutu bahari nzima."
"Wavumilivu hao," bibi akasema,
na nadhani ndiyo sifa pekee
niliyomsikia akimpa mtu asiyemjua.

Mimi ndiye niliyeigonga meza kwa kiwiko.
Ushanga mmoja ukabingirika, ukazama chini ya jiko.
Tulipapasa kwa kijiti, kwa sumaku (ujinga wangu), wapi!
"Miaka milioni," nikalia.
Mjomba akacheka mpaka akakohoa:
kuna mahali, alisema, jiwe limelalia jiwe
na katikati yao mito imekula miaka milioni mia kwa mia,
wala hakuna aliyelia.
Bibi akapiga fundo kwenye uzi mtupu.
"Palipokosekana paonekane."

Nyeupe zilipofika, dunia yote barafu,
alishona haraka, kama aliyerudi nyumbani.
Na wanyama? Pindoni tu!
Samaki, majani, mabawa, wote wamebanana
kwenye safu chache za mwisho,
rangi juu ya rangi kama foleni ya duka kabla ya Krismasi.
Dinosaria waliishia shanga sitini na sita kutoka ukingoni.
"Na barafu yetu hii?"
"Mbili. Labda tatu."
Sindano ikasimama.
Bibi alidhani barafu ndiyo iliyotangulia vyote.

"Na sisi?"
Mjomba akainua ushanga wa mwisho, wa manjano.
"Huu. Tena si wote. Theluthi yake."
Bibi akautia kati ya meno, akafikiri,
akautoa, akautunga mzima.
"Theluthi haishoneki."

Kanisani watu walisifu pindo.
Mabega yangu yalijua kingine:
uzito wote ulikuwa wa kijivu.

Kiangazi hiki tumeng'oa jiko la zamani.
Ushanga ulikuwepo, na jivu, na gamba la samaki.
Sijui kama ni mweusi au ni masizi.
Bibi hayupo wa kumwuliza.
Nimeuweka katika kiberiti kitupu,
sijauosha.