Duara la Sufuria

Kopo linasema: pakeni penye hewa.
Thunder Bay, Februari, hewa iko nje inang'ata,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
nasi tumefungua dirisha la jikoni kama kopo lilivyoagiza,
mimi na Sirkka, makoti mwilini, kofia za sufu hadi nyusini,
tunasugua kaunta.

Fomeka ya manjano, vichembe vya dhahabu.
Ving'aavyo vyote si dhahabu, sawa,
lakini hivi hata kung'aa viliacha zamani,
mwaka ule maghala ya nafaka yalipopunguza watu
na Baba akarudi saa nne asubuhi, chupa yake ya kahawa bado imejaa.
Mbele ya sinki pamelika mpaka kahawia,
upana wa viwiko viwili.
Hapo Mama alikanda mkate mweusi,
akamenya viazi, akahesabu hela, akaegemea.

Kaunta mpya, alisema fundi, dola elfu nne.
Alisema akitazama simu.
Msasa, praima, rangi, rola na vanishi: mia moja na sitini,
na migongo tunayo bure.

Kwanza siki na sabuni, maana mafuta ya miaka hamsini
hayaagi kwa adabu.
Kisha msasa. Si kwa nguvu, Sirkka,
ikwaruze ngozi tu, rangi ipate pa kushika.
Yeye anasugua kama anayedai deni.
Hatujafanya kazi pamoja tangu mazishi ya Baba,
na hata siku ile
tulishika ncha mbili tofauti za jeneza.

Tukafika kwenye duara.
Jeusi, kamili, pana kama sufuria ya supu ya samaki,
kushoto kwa sinki. Mwaka wa sabini na nane.
Nilikuwa na miaka tisa. Ilisemwa ni mimi.
Wiki sita bila baiskeli, na jina likaning'ang'ania:
Irja Mchoma Meza.
Hata harusini kwangu mjomba Eino alilitamka katika hotuba,
watu wakacheka, nami nikacheka.
Nilijua ni Sirkka. Miaka arobaini na sita, nilijua.

"Hukuwa wewe," akasema, uso chini, msasa ukienda.
"Najua."
"Wala sikuwa mimi."
Msasa ukasimama.
"Ni Mama. Aliniambia hospitalini, midomo mikavu, anacheka.
Simu ililia, akaitua sufuria popote.
Baba alipoingia akakukuta wewe unalia,
kwa jambo jingine kabisa."

Upepo wa ziwani ukaingia. Vumbi la manjano likapaa,
likatutulia mabegani.
Nikatafuta wa kumkasirikia;
waliobaki ni wachache, na mmoja ameshika msasa.
Nikasema, nipe praima.

Praima nyeupe: duara linachungulia.
Mkono wa kwanza wa rangi, kijivu cha mawe: duara, hafifu.
Mkono wa pili: limekwenda.
Lakini pitisha kiganja. Kuna kibonde pale,
kina chake ukucha. Sirkka akataka kukijaza.
Nikamwambia vanishi itakauka kabla hujaamua.

Kopo linasema: siku tatu, msiguse.
Siku tatu tulila juu ya meza ya pasi,
dagaa wa kopo, mkate, kachumbari ya matango,
kila mtu upande wake,
meza ikiyumba kila mmoja wetu alipocheka
na kuyumba zaidi tuliponyamaza.

Usiku wa pili nikasikia hatua jikoni.
Asubuhi, karibu na sinki, alama ya kidole gumba,
mistari yake yote wazi kama muhuri wa serikali.
Sikuwahi kufungua mdomo.
Sirkka alikuwa mlangoni, anamenya chungwa.
"Hiyo ni mimi," akasema.
"Bado mbichi."