Mshenga

Ezati aliniandikia nyuma ya risiti ya mafuta ya taa:
anwani, kisha mlango, elfu nane na themanini.
"Humu chuoni ujumbe hautoki wenyewe," alisema,
"sharti upitie kwa mshenga."

Nikafungua mipangilio. Nikakosea nukta moja.
Jenereta ikakohoa, Arua yote ikawa giza,
nikaanza upya.

Saa nne usiku kitone kikageuka kijani:
Candiru, Mbarara, yupo.

Nilikuwa na mengi.
Ila nikamkumbuka huyo wa katikati,
asiyelala, ashikaye kila bahasha
kabla haijafika,
nikaandika tu:
Umekula?

Matoke tena, akajibu.
Mbona unaongea
kama mtu mwenye mgeni chumbani?