Salio

Tulimkuta Tabata Dampo, nyuma ya gereji ya Mapunda,
chini ya Fuso bovu lililokwisha kuota majani mdomoni.
Shingoni waya wa kufungia nondo,
umezama, nyama imeanza kuufunika
kama udongo unavyofunika bomba la maji.
Fundi mmoja, akijipangusa girisi, akasema:
"Huyo? Huyo wa kujaribia spana tu."
Wakacheka.
Mama alikuwa amekwenda kudai hela yake ya chapati.

Akalipwa mbwa.

"Nyumba ya kupanga, Anyesi. Vyumba viwili," alianza Baba,
na alipofika kwenye "haiwezekani"
beseni lilikuwa limeshajaa maji.

Daktari Zamoyoni wa mifugo alikuja na pikipiki,
akaukata waya kwa koleo, akauvuta taratibu, uzi kwa uzi.
Mbwa hakulia.
"Asiyelia," daktari alisema bila kuinua macho,
"amejifunza kwamba kulia huongeza."
Nikatazama pembeni.
Akampaka dawa ya zambarau shingo nzima
mpaka akafanana na askofu.

Jina alitoa Tulinagwe, ana miaka saba:
"Tumwite Salio."
Kwa nini Salio?
"Kwani si ndilo lililobaki?"

Mama Shufaa wa upande wa pili wa ukuta alisema wazi:
mate yake kwangu najisi,
akinigusa gauni naliosha mara saba, moja kwa udongo.
Lakini kila alasiri kopo lilitua juu ya tofali,
vichwa vya vibua,
miiba imetolewa.
Miiba imetolewa! Nani humtolea mbwa miiba?

Aliogopa ufagio. Aliogopa ndala ikivuliwa.
Radi, hapana; mvua ya Aprili ilipiga bati
naye akalala kama mwenye nyumba.
Ila Baba akirudi zamu ya bandarini,
akafungua mkanda,
ile kengele ndogo ya bizimu ikalia,
Salio alijikojolea, akakimbilia chini ya meza,
kwenye kona ya ukutani,
mahali pale pale
ninapojibana mimi.

Tulitazamana kule chini, mbwa na mimi.

Baba akainama.
Sijui aliona nini kwanza, mkojo au mtoto.
Mkanda ulining'inia mkononi mwake
kama nyoka aliyesahau shimo lake.
Baba ni mtu wa maneno mengi, baraza zima humjua.
Akasema: "Aisee."
Basi.

Kesho yake msumari wa nyuma ya mlango ulikuwa mtupu.
Hakuna aliyeuliza. Kwetu mambo makubwa hayaulizwi.
Mama alisonga ugali, akaongeza konzi moja ya dona kwa ajili ya Salio,
Baba akaenda Kurasini amefunga suruali kwa kamba ya katani,
na wenzake mpaka leo wanamwita Gunia.

Sisemi amebadilika.
Juzi alifoka, kikombe kikapasuka sakafuni.
Lakini alitoka, akaketi kizingitini karibu na mbwa,
si karibu sana,
akaiweka mikono yake magotini, wazi,
kama mtu anayesubiri ipoe.

Siku ya thelathini na nane umeme ulikatika.
Usiku wa manane kitu kilidondoka uani, labda mfuniko wa ndoo,
na Salio akabweka.
Mara moja. Sauti yenye kutu, ya mlango usiofunguliwa siku nyingi.
Kisha kimya: nilijua amejifunika pua kwa miguu,
anahesabu, anasubiri kije.

Baba akaamka. Nikasikia nyayo,
nikasikia akitafuta komeo gizani.
Halafu sauti ndogo, sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake:
"Ee. Tena. Bweka tena, baba."

Nikakohoa kidogo,
ili ajue niko macho.