Nusu Lita ya Asali

Cherehani niliyopewa ilikuwa na kutu ya masika mawili
na mkanda umekatika. Nikaufunga kwa kamba ya tumbaku,
ile ile tuliyofungia majani mitini
mwaka ule chama kilipotulipa Januari mauzo ya Mei.
Nilikuwa na miaka thelathini na sita.
Fundi Nyanzala, aliyetufundisha, alikuwa na ishirini na mbili.
Alinishika mguu juu ya pedali
kama anayemsimamisha mtoto dede:
"Polepole, Mama Kashindye. Usiikimbize. Haikudai."

Nilijifunza mshono wa kwenda na kurudi.
Nilijifunza kwamba flaneli huvutika vibaya ukiikata kwa hasira.
Tabaka tatu laini, moja ya kuzuia maji,
mabawa mawili, kishikizo cha kubana:
ta.
Hiyo ta ndiyo iliyonitoa machozi.
Kitu kidogo hivyo.

(Mimi nilitumia godoro.
Nilichomoa sponji kwa kidole, upande wa ukutani,
kila mwezi kidogo,
hadi mume wangu akauliza: panya?
Nikasema: panya.
Tukatega sumu.)

Hapa Ipole neno lenyewe halitajwi, hutajwa majirani zake:
tumbo, malaria, mgeni, kufua.
Kwenye daftari la mahudhurio la darasa la sita
Sizya binti Mhoja ana alama nyekundu nne kila mwezi.
Hayupo, hayupo, hayupo, hayupo.
Mwalimu alizipiga bila kuuliza.
Nami, macho yakiwa yameshageuka ya fundi,
niliona mshono:
mtoto anashonewa nje ya shule,
sindano kwa sindano,
na uzi hauna mwenyewe.

Mhoja alikuja Alhamisi.
Mrina asali, mikono imevimba kwa miiba ya juzi,
mtu anayepanda mninga usiku na mwenge wa moshi
akaimbia nyuki matusi.
Alisimama mlangoni kwangu kama aliyeitwa polisi.
"Mwangaluka," akasema.
Ilikuwa saa tisa alasiri.

Akasifu bati. Akasifu mvua ambayo haijanyesha.
Mkewe tulimzika mwaka juzi;
hakuwa na mtu wa kumtuma.
Akaweka chupa mezani, nusu lita,
nyeusi kama chai ya msibani.
"Nataka vile vya binti."
"Vya binti vipi?"
Nilikuwa mkatili. Nilitaka aseme.
Nzi akaizunguka chupa, akaizunguka tena.
"Vya hedhi," akasema,
na bati alilolisifu halikutuangukia.

Nilimpa vitambaa sita.
"Maji baridi kwanza, sabuni baadaye. Kisha vianikwe juani.
Juani, Mhoja. Si uvunguni, si chini ya kanga."
"Watu watapita."
"Wapite."
Akavibeba kama masega yenye wana,
viganja wazi, bila kubana.

Asali niliigawa: robo kwa Nyanzala,
iliyobaki nikaiuza kwa dereva wa lori la magogo.
Pamoja na sare tano za shule na suruali ya mwenyekiti
(anazidi kunenepa, Mungu amzidishie)
nikanunua godoro, inchi sita.
Mume wangu analala chali, anakoroma.
Hajauliza panya alihamia wapi.
Siku moja nitamwambia.

Jana nilipita kwao nikienda Sikonge kufuata uzi.
Waya umevutwa kutoka jikoni hadi kwenye bani,
na juu yake, kando ya shati la Mhoja lenye harufu ya moshi,
vipo sita, maua ya njano, mabawa yamekunjuliwa.
Mbuzi alikuwa anavitazama.
Nikabisha hodi. Nilitaka kumpima gauni.
"Sizya?" akaitikia bibi yake kutoka ndani, akipepeta.
"Hayupo."

Ilikuwa Jumanne, saa nne.
Nikasimama pale na baiskeli yangu,
nikamwomba alirudie hilo neno.