Kuizeesha Saa

Imetoka kiwandani juzi, ndani ya boksi la karatasi,
mbao yake vumbi la mbao lililogandishwa,
pendulamu plastiki,
na mgongoni betri moja, nene kama kidole cha mtoto.
Bwana Muhenna ameilaza mezani pangu, Wadi Kabir,
nyuma ya gereji ya matairi, akasema:
"Izeeshe. Miaka themanini inatosha.
Naitaka Alhamisi."

Ndiyo kazi yangu, kuviharibu vizima kwa ustadi.
Kwanza msasa, kuuvua ule mng'aro wa dukani,
kisha gundi nyeupe, na rangi juu yake gundi ingali mbichi,
halafu mashine yangu ya nywele, zawadi ya harusi,
inaipulizia mpaka ngozi ipasuke
kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta.
Uso nimeuosha kwa chai ya rangi mara tatu;
mara ya tatu nikatia zafarani,
si nyingi, uchoyo ulinishika mkono.
Mavi ya nzi hutoka kwenye mswaki:
chovya, vuta nywele zake kwa kidole gumba, tsa!
Kiangazi kizima cha nzi kwa nukta moja.

Ya kale ni dhahabu, husema watu.
Yangu mimi ni rangi ya dhahabu,
kopo lake riali mbili na nusu.
Ya kale hayanuki, husema tena.
Yangu yananuka tepentaini hadi barabarani,
na yule kijana wa matairi hupita kaziba pua.

Picha niliyopewa ni moja, imekunjwa katikati:
ukuta wa Wete, watoto wanne waliokatazwa kucheka,
na juu ya vichwa vyao nusu ya saa.
Nusu tu. Nusu ya pili nimeibuni.
Iliuzwa, alisema, ikawa nauli.
Hakuongeza, nami sikuchokonoa;
mteja si kopo, humfungui kwa bisibisi.

Alhamisi tukaipeleka Ibra.
Njia nzima nimeipakata ndani ya kanga, isiguswe,
kama mtoto aliyetoka kutahiriwa,
na kila tuta la barabara nikisema pole,
sijui nampa pole nani.

Bi Ruzuna alikuwa ameketi kitandani,
miwani yake imefungwa uzi mweusi.
"Mama," mwanawe akasema, "imepatikana."
Akaitazama.
Akainusa.
Moyo wangu ukasimama; saa haikusimama.
"Alhamdulillahi," akasema. "Muhenna, katuletee kahawa."

Alipotoka tu, bibi akanishika mkono, akaugeuza,
akaiona kahawia iliyolala chini ya kucha.
"Umeichafua vizuri, mwanangu.
Moshi wa chetezo umeuweka palepale.
Ila hapa"
— kidole kikatua pembe ya chini, kuliani —
"hapa umekosea. Hapa ndipo nikipashika
kila Ijumaa nikiitia ufunguo,
na nikimaliza napafuta kwa upindo wa kanga.
Hapa hapakuwahi kuzeeka."

Sikuwa na tepentaini. Nilikuwa na mate, na kanga ile ile.
Nikafuta.
"Bado," akasema.
Miaka kumi ikatoka, ikaingia kwenye kitambaa.
"Bado."
Arubaini. Sitini. Nikafika kwenye msasa wangu mwenyewe,
kwenye vumbi la mbao, jekundu, la juzi.
"Hapo," akasema, akaweka kiganja chake,
nacho kikakaa kama kifuniko kilichopata chungu chake.

Muhenna akarudi na dele, akainama, akakunja uso:
"Mbona pembe hii imebanduka?"
Nikamtazama bibi.
Bibi akatazama vikombe.
"Mimina," akasema, "kahawa inapoa."

Tulikubaliana riali ishirini na tano.
Nje, garini, akanihesabia ishirini na tatu;
mbili kakata kwa ajili ya ile pembe.
Sikumdai.