Nduma Nyuma ya Chumba

Mara ya kwanza lilikuwa doa dogo, kiganja cha Imali,
chini kidogo ya swichi, upande anaolaza kichwa.
Nikalifuta kwa tambara, nikasahau.
Kakamega mvua huja saa tisa kama mtu anayetoka kazini;
nani atakaa kuhesabu madoa?

Muhula wa pili doa likawa ramani,
nyeusi kingoni, kijani katikati,
na shati langu la Jumapili likanuka kisima.
Nikanunua rangi, debe la lita nne,
nikapaka Agosti, nikapaka tena Disemba,
na kila mara kuvu ikapenya rangi mpya
kama jina la mdeni kwenye daftari la duka.

Jirani alisema ni paa. Nikapanda:
mabati mazima, misumari mizima.
Shemeji alisema ni pumzi: mnalala watatu,
nguo mbichi mnaanika ndani, dirisha hamfungui.
Nikafungua. Mbu wakashukuru.
Mchungaji hakuutazama ukuta;
aliuliza tu kama kuna mtu tumemkosea.
Na Imali akawa anakohoa,
kikohozi kikavu katika chumba kilicholowa.

Fundi Muhonja alikuja na begi la shule.
Hakutoa nyundo. Alitoa kipande cha nailoni,
akakibandika ukutani kwa utepe, kingo zote nne,
kama mtu anayefunga kidonda.
"Siku mbili. Jasho likikaa juu ya nailoni, ni ninyi.
Likikaa nyuma yake, ni ukuta."
Usiku nikaitazama kama matokeo ya mtihani,
mimi ambaye kazi yangu ni kusahihisha.

Siku ya pili, nyuma ya nailoni, shanga za maji.
Hakufurahi wala hakusikitika. Akazunguka nje,
nami nyuma yake, mguuni sandali za mke wangu,
hadi akasimama mbele ya nduma.

Nduma za mama.
Alizipanda wiki ya arusi yetu.
Majani yake ungeweza kujikinga mvua,
na hakuna mgeni aliyeondoka hapa bila kuzisifu.
"Mwalimu," akasema Muhonja,
"tangu lini nduma ikapenda pakavu?"

Akachomeka fimbo, ikazama bila kuombwa.
Bomba la bafu lilikuwa limepasuka kwenye kiwiko:
maji yetu ya kuoga, kila alfajiri, miaka minne,
yakinywesha mashina.
Na udongo, ambao mama huurundika kila akija,
akiupiga-piga kwa kiganja kama anabembeleza,
ulikuwa umepanda matofali mawili
juu ya ile karatasi nyeusi ya msingi
inayoyakataza maji.
Maji hayakuvunja mlango. Yalijengewa ngazi.

Nami nilizila. Kwa chai, asubuhi,
nikisema hakuna nduma laini kama hizi.

Tukachimba Jumamosi nzima.
Kiwiko kipya, shilingi mia moja na hamsini.
Mtaro, kokoto, mteremko wa kuipa nyumba kisogo.
Ndani akabandua lipu hadi usawa wa kiuno,
tofali likatokea jekundu, limelegea
kama biskuti iliyosahauliwa kikombeni.
Akasugua kuvu kwa jiki, pua kaifunga leso.
"Usipake rangi."
"Hadi lini?"
"Umekunywa miaka minne, huu.
Uache utapike polepole."

Jioni mama akapiga simu.
"Nduma zangu hazijambo?"
Nikasema zimehama, ziko chini ya shamba,
kule maji yanakokwenda sasa.
Kimya. Nikasikia redio yake, na kuku.
"Na mtoto?"
"Anakohoa kidogo."
"Kumbe," akasema. Kisha: "Zing'oe zote."
Akakata.

Sikuzing'oa.
Kitanda kiko katikati ya chumba kama meza ya mkutano,
tunakizunguka tukigonga magoti.
Kila asubuhi, kabla sijamsalimu mtu,
naweka mgongo wa kiganja kwenye tofali.
Baridi.
Baridi.
Leo, nadhani, baridi ya kawaida.